Bega Lile Lile

Jumapili, 9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Mzigo wa basi umefika. Aproni zote mbili zimenikaa vizuri, na barua nimeikuta mfukoni kama kawaida yetu. Mume wangu ananicheka, anasema sisi ndio watu wa mwisho duniani kutumiana barua ndani ya mifuko ya nguo. Nikamuuliza, nifanyeje na mtu ambaye masikio yake yaliliwa na mashine za kiwanda cha nguo, simu kwake ni mvumo mtupu, na ujumbe wa maandishi lazima asomewe na wanafunzi wake wa cherehani, kwa sauti, mtaa mzima usikie? Mambo ya tumbo langu hayasomwi kwa sauti.

Na leo ni mambo ya tumbo. Mkanda umeharibika. Ule walionifunga ndani, sehemu ya juu ya tumbo la chakula, ili nile kidogo nipungue, mara ile ulipokuja kuniuguza, umeteleza umekaa vibaya. Chakula hakishuki. Mimi, mpishi wa chuo, ninayetakiwa kuonja kila sufuria, nikionja kijiko cha wali nakimbilia stoo, nafunga mlango, natapika kwenye ndoo ya maganda. Mwenzangu wa jikoni anadhani nina mimba. Ameshanipongeza.

Na kwa kutapika kote huko sipungui hata kidogo, maana kisichokwama ni vitamu tu. Chai ya sukari inapita, biskuti iliyoloweshwa inapita. Kisukari kimepanda tena. Nyayo zinawaka moto kama zilivyokuwa zikiwaka za mama.

Daktari anataka mkanda utoke. Kisha, nikishapona, wakate tumbo lenyewe, wabakishe kipande chembamba kirefu. Alinichorea kwenye karatasi, nikamwambia huo si mkono wa shati? Akacheka, akasema hata wao ndivyo wanavyouita.

Usishtuke. Ni kitu kile kile cha mwanzo, vitundu vile vile vya kupitishia vyombo, tena safari hii ni kidogo zaidi. Nitaumwa bega siku mbili tatu kama mara ile, wewe utaniambia niache kudeka, yataisha. Uzi wa kipimo cha kiuno nimeuweka humu kwa ajili ya sketi ya kazini.

Bonge lako


Alhamisi, 13 Februari

Bonge langu,

Nimesoma barua yako mkasi ukiwa mkononi, nikaikata vibaya kola ya mwalimu mkuu. Sasa mwalimu mkuu atavaa kola ndogo, na ni wewe wa kulaumiwa.

Kwanza, uzi uliotuma umeuvuta. Usinichezee. Nimepima viuno vya watu tangu wewe hujaota meno, na uzi uliovutwa ukiulaza mezani hurudi ukajikunja. Sketi nimekuongezea kitambaa ndani ya mishono, utaifungulia mwenyewe siku ukiacha kuona haya.

Pili, hilo la kukata. Mkanda ni kitu cha kufunga na kufungua, nilielewa. Lakini ukikata, lazima ushone. Wanashona na nini? Na pale mkanda ulipokuwa ukibana miaka yote hiyo, si pamechakaa? Mimi sishoni juu ya kitambaa kilichochakaa, kinafumuka hata mteja hajafika nyumbani. Muulize daktari wako, na umwambie anayeuliza ni fundi.

Mara ya kwanza ulinitisha bure na bega lako. Umelala pale unalia unakufa, nesi anasema ni hewa waliyokujaza tumboni inapanda juu, mimi nakuchua na ile dawa ya kopo jekundu mpaka vidole vyangu vikanuka wiki nzima, wateja wakidhani nina mgonjwa wa baridi yabisi. Siku ya tatu ukaamka unaomba supu. Sisahau.

Niandikie kabla hawajagusa chochote.

Dada yako


Jumatatu, 10 Machi

Dada,

Mkanda umetoka. Nilipozinduka walinionyesha kwenye kisahani, kitu kidogo cha plastiki, kimepauka. Nikajiuliza, kumbe ni haka kadude kalikonitawala muda wote huu?

Uliuliza kuhusu mshono. Wanatumia mashine inayokata na kubana pini hapo hapo, mstari mzima. Daktari anasema ni imara kuliko wako, usikasirike. Kuhusu kuchakaa hakusema kitu cha kutia wasiwasi. Ni kile kile tu, Dada, nilishakwambia.

Sasa natakiwa kungoja miezi kadhaa tumbo lipone ndipo walikate. Hiki ndicho kipindi ninachokiogopa, na hili sijamwambia mtu mwingine. Jana nilikula mkate. Mkate mkavu, slesi nzima na ganda lake, na ukashuka. Nilikaa kwenye gunia la viazi pale stoo nikalia kwa raha. Halafu nikala slesi nyingine. Halafu nikasimama nikafunga mlango na kumaliza mkate wote, na nilipofungua mlango nilijichukia kiasi kwamba sikuweza kumtazama mwenzangu machoni.

Huwa nakumbuka kiatu cha mama cha mguu wa kulia. Baada ya kumkata mguu alivaa cha kushoto mpaka kikaisha soli, na cha kulia kikabaki chini ya kitanda, kipya, kinang'aa. Wewe ndiye uliyekuja kukitupa. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilikuona ukikifunga kwenye gazeti. Sitaki mtu aje kufunga kiatu changu kwenye gazeti. Ndiyo sababu, Dada. Sitaki urembo, ningetaka urembo ningenunua wanja.

Bonge


Ijumaa, 14 Machi

Mdogo wangu,

Kiatu sikukitupa. Niliwadanganyeni wote. Kiko kwenye sanduku la vitambaa vyangu, na sijui kwa nini nakutajia leo.

Basi fanya. Nilikuwa nimejiandaa kukukataza, nimeandika barua tatu kali na zote nimezichana. Kama ni kile kile cha mwanzo na wewe umejiridhisha, sina neno. Ila siku ya kukatwa nitakuja mwenyewe.

Ule mkate uliokula, ulikula. Usijitese kwa mkate.

Dada


Jumapili, 18 Mei

Dada yangu,

Wamenipangia mwanzoni mwa Juni. Uzito niliokuwa nimepunguza umerudi wote, na umekuja na wageni. Juzi kiti cha jikoni kilivunjika mimi nikiwa juu yake, na kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyecheka. Wangecheka ningecheka nao. Walinyanyua vipande kimya kimya, wakaniletea benchi la chuma.

Usije. Nasema kweli, usije. Una sare za shule nzima na shule zikifunguliwa watoto watakuja uchi kwa ajili yangu. Mume wangu ameomba ruhusa ya safari moja, atakuwepo wiki ya kwanza, halafu atarudi kwenye lori lake. Nitakaa hospitali siku chache tu, nitatoka na mrija wa kunywea supu. Ni kidogo hiki, Dada, ningekuwa na shida ningekuita.

Nina ombi. Nimekuwekea nyuzi mbili. Wenye fundo jekundu ni kiuno changu cha leo, na sikuuvuta, ulaze mezani uone. Usio na fundo ni kiuno ninachokitaka. Nishonee gauni la uzi usio na fundo. Kitambaa chochote ila si cheusi. Watu wanene tumechoshwa na cheusi.

Bonge (kwa muda mfupi tu)


Jumatano, 21 Mei

Bonge,

Nimelaza uzi mezani. Haukujikunja. Nimekaa nao muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Haya, siji. Lakini moyo haujatulia, na sare hizi nitazishona kwa hasira. Gauni nimeanza, ni la njano, lina mifuko miwili mikubwa kwa sababu zangu na zako. Ukitoka tu niandikie, hata mstari mmoja.

Dada


Jumapili, 8 Juni

Dada yangu,

Nimekatwa na nimerudi nyumbani, niko hai. Nimelala upande upande nakuandikia, usishangae mwandiko. Nakunywa supu iliyochujwa, vijiko vitatu na nimeshiba. Hebu fikiria, mimi, vijiko vitatu!

Mume wangu ameondoka jana asubuhi, safari yake imeharakishwa na tajiri hakumpa siku nyingine. Jirani anapita kunitazama, ingawa yeye anajua nimetolewa kidole tumbo. Nilimwambia hivyo ili asiende kunitangaza.

Sasa cheka. Bega limerudi! La kushoto, lile lile. Limeanza jana jioni na leo haliniruhusu kuvuta pumzi ndefu. Mwili una joto kidogo pia, na moyo unapiga haraka, lakini hiyo nadhani ni kwa kukosa chakula. Nifanyeje, nirudi kule hospitali au nidekezwe na kopo jekundu? Ningerudi, ila nikifikiria kupanda gari na kushuka, na kukaa kwenye lile benchi la mapokezi watu wananitazama, naona bora nikuulize wewe kwanza. Wewe ulikuwepo mara ile.

Bonge


Jumatatu, 9 Juni

Wewe mdeka,

Nilijua! Nimesoma neno bega nikacheka peke yangu mpaka wanafunzi wakainua vichwa. Nilikuwa nimekaa roho juu tangu siku ya kukatwa, na barua yako imenipa usingizi.

Ni ile hewa. Si ulisema ni kile kile cha mwanzo? Basi na bega ni lile lile. Usikimbilie hospitali, watakulaza tena bure na kukutoboa sindano, nawe hata kukaa huwezi. Kopo jekundu liko mfuko wa kulia wa gauni, maana gauni nimelimaliza. Mwambie jirani akuchue kuanzia shingoni kushuka, asikuonee huruma. Kunywa maji ya vuguvugu, lala ubavu wa kulia. Joto la mwili ni la kuchoka. Mara ile ilikuwa siku ya tatu ukaamka unaomba supu, na safari hii itakuwa hivyo hivyo.

Jaribu gauni ukiweza. Litakuwa dogo, ndiyo maana yake.

Dada yako anayekupenda ingawa humsikilizi


Ijumaa, 20 Juni

Dada,

Niko hospitali tangu Jumamosi. Usiogope mwandiko, mkono mmoja una dripu.

Mshono umevuja. Upande wa juu, karibu na mkanda ulipokuwa. Wamenifungua wakanisafisha, nina mrija ubavuni na mwingine puani, napendeza kama jiko la gesi. Wananiangalia vizuri. Nesi mmoja mwenye miwani, msichana, ananigeuza na kuniosha kama mama yangu mzazi, na hanitajii uzito.

Jambo moja nataka ulijue mapema kabla hujaanza kufikiri fikiri. Mzigo wako ulichelewa. Ulifika nyumbani nikiwa nimeshalazwa, mume wangu ndiye aliyeupokea na kuniletea barua juzi. Kwa hiyo sikuchuliwa na sikungoja. Nilipoumwa tu nilikuja. Umenisikia? Ulichelewa, na barua yako imenichekesha tu.

Gauni ni zuri mno. Njoo ukiweza, sare ziwe zimeisha au hazijaisha.

Bonge lako


Jumamosi, 21 Juni

Mdogo wangu,

Nimefunga duka. Ninapanda basi la kesho, na barua hii naituma kwa dereva wa leo ili ikutangulie.

Namshukuru Mungu kwamba basi lilichelewa. Nilipofika hapo katika barua yako nilipiga magoti pale pale kwenye mabaki ya vitambaa. Kama ungeipata kwa wakati ungenisikiliza, nakujua. Nitakuja nikuoshe mwenyewe, huyo nesi apumzike.

Ningoje.

Dada


Jumatatu, 14 Julai

Shemeji,

Natumaini ulifika salama baada ya mazishi. Mimi sijarudi barabarani. Tajiri amenipa mwezi. Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, na jikoni kwake sijagusa.

Nakuandikia kwa jambo zito. Nimeamua kumshtaki yule nesi mwenye miwani. Najua wewe ulimpenda, ulimkuta anamshika mkono siku ile ya mwisho, lakini sikiliza. Siku tunatoka hospitali daktari alituambia wote wawili, akamtazama yeye hasa, kwamba mahali palipokaa mkanda pana makovu, mshono hushika kwa shida, hii si kama mara ya kwanza. Alituambia hivyo tangu Februari na akarudia. Akasema bega likiuma, joto likipanda, moyo ukienda mbio, turudi siku hiyo hiyo. Nilisikia kwa masikio yangu. Mimi nikaondoka na lori nikijua anajua.

Nikiwa njiani nilimpigia kila siku. Alikiri bega linauma. Nikamwambia nenda. Akanijibu, "Nimeambiwa ni kawaida, ni hewa, nisiende." Nikamuuliza umeambiwa na nani, akasema ameambiwa na anayejua. Nikatulia, nikidhani amepiga simu wodini. Niliporudi Jumamosi nilimkuta kitandani amevaa lile gauni lako la njano, halifungi mgongoni, chumba kizima kinanuka dawa ya kuchua, jirani yuko naye anamsugua bega. Mwili unawaka. Nikamnyanyua, naye bado ananiambia ngoja, kesho nitaomba supu.

Sasa nani alimwambia? Daktari alishasema vingine. Aliyemruhusu kutoka wodini na kumpa namba ya simu ni huyo nesi. Nimemfuata, analia, anaapa hakupigiwa. Watamsimamisha kazi tukiandika. Nimeandika malalamiko, na wanataka sahihi ya ndugu wa damu. Nimeyaweka humu na gauni lake, nimelifua, lakini harufu haijatoka. Weka sahihi pale chini unirudishie haraka. Damu ya mke wangu haiwezi kwenda hivi hivi.

Shemeji yako


Alhamisi, 17 Julai

Shemeji yangu,

Nimelipokea gauni. Nimelinusa kabla sijasoma barua yako, na nikawa nimeshajua.

Nakuomba ukae chini. Humu ndani nimekuwekea barua zake mbili alizoniandikia mimi, ya tarehe nane Juni na ya tarehe ishirini. Zisome kwa mpangilio huo. Barua yangu ya tarehe tisa utaikuta huko kwako, sijui alikoificha, lakini hakuichana, hakuwa mtu wa kuchana barua. Tafuta jikoni kwake, au chini ya godoro upande wake. Ukiipata isome hadi mwisho, usiniruke popote.

Ile ya tarehe ishirini inasema mzigo wangu ulichelewa, kwamba wewe ndiye uliyeupokea. Wewe unajua kama ulipokea mzigo wowote. Uliniambia mwenyewe ulimkuta amelivaa gauni. Alikuwa na mrija puani na dripu mkononi, akaomba karatasi, akakaa akanitungia uongo mimi nisije nikaumia. Niliusoma, nikamshukuru Mungu kwa basi bovu. Nilikuja kwenye wodi ile nikiwa na moyo mweupe. Nesi yule aliniambia mlangoni, "Mama, nilimwambia bega likiuma arudi, sijui kwa nini alikaa." Mimi nikatikisa kichwa nikamsikitikia mdogo wangu kwa ubishi wake.

Nimemkasirikia pia, sitakuficha. Alinidanganya tangu Februari. Nilimuuliza wazi kama pamechakaa, akaniambia daktari hakusema kitu. Angeniambia neno moja tu, kwamba si kile kile, ningefunga duka siku hiyo hiyo. Namgombeza hapa nikiwa peke yangu, wanafunzi wanadhani nimeanza kurukwa na akili. Halafu nakumbuka kwamba aliuliza. Alikuwa na joto, na moyo unamwenda mbio, na alikuwa bado ana akili ya kuuliza nirudi hospitali au nisirudi. Hakumuuliza daktari wala nesi, aliniuliza mimi, kwa sababu mara ile nilikuwepo. Nami nikamcheka.

Kunichukia kwako nitakupokea. Ukitaka kuja kunitukana njoo, mlango uko wazi. Ukitaka tusijuane tena pia nitaelewa. Lakini yule msichana mrudie leo, umuombe radhi mbele ya wakubwa zake.

Malalamiko yako nakurudishia. Sahihi nimeweka chini kama ulivyotaka, kwa mkono wangu. Na pale juu ulipoandika jina la nesi nimelikata kwa mstari mmoja, nimeandika langu.

Dada yake